Wembe Kabla ya Upinde: Kuchagua Vipande vya Spektromita ya Mkononi

Mtu aliyejenga spektromita yake ya kwanza, chombo cha kupasua mwanga katika rangi zake, huwa na haraka ya kuisifia, na mara nyingi huisifia kwa lisilostahili. Atakuita, atawasha taa, atakusogezea boksi jichoni na kukwambia, "Ona upinde ulivyo mpana!" Kweli ni mpana, na rangi zimekolea. Lakini kipande chochote cha CD ukikigeuza vizuri kitakupa upinde mpana. Swali la kuuliza ni jingine kabisa: mistari miwili iliyokaribiana, chombo hiki kinaitenga au kinaivuruga ikawa mmoja?

Kupata jibu hakuhitaji maabara. Tafuta tyubulaiti, zile ndefu za zamani ambazo bado zinaning'inia kwenye madarasa na maduka mengi ya Tanga mjini, au balbu ya kuokoa umeme iliyojisokota. Ndani yake kuna mvuke wa zebaki, na zebaki hutoa mistari isiyohama hata siku moja: wa zambarau nanomita 404.7, wa bluu 435.8, wa kijani 546.1, na kwenye manjano iko miwili, 577.0 na 579.1. Hiyo miwili ya manjano ndiyo mtihani wa kumaliza ubishi. Chombo kinachoionyesha miwili, kikiwa cha maboksi na gundi, ni chombo kizuri. Kinachoionyesha mmoja mnene hakijaiva, hata kama gamba lake limechapwa kwa mashine ya kisasa. Katika taa za poda za kisasa zaidi angalia na kijani pia: ubavuni mwa 546.1 pana mkanda wa terbiamu, karibu na 543, na chombo safi huuacha uonekane peke yake.

Daraja la juu zaidi lipo. Nyunyiza chumvi ya mezani kwenye mwali wa taa ya spiriti. Sodiamu itatoa mstari wa manjano, ambao kwa hakika ni miwili, 589.0 na 589.6. Anayeitenga hiyo kwa chombo cha nyumbani nampa mkono. Wengi hawatafika huko, wala hawahitaji.

Huku Tanga chombo hiki kina kazi inayokingoja. Mto Umba unashuka kutoka milima ya Usambara, unakatiza nyika ya Mkinga, kisha unavuka mpaka na kumwaga maji yake baharini upande wa Kenya, karibu na Vanga. Katika nyika hiyo, kutoka Mwakijembe hadi Kalalani ya Korogwe, tangu miaka ya 1960 watu wanachimba safaya za kila rangi, rodolaiti, tomalini za kijani na garneti zinazobadilika rangi kutoka mchana hadi usiku. Jiwe likishafika mjini, broka hulipima kwa jicho, tochi na lupu ya mara 10. Kwa jicho, rodolaiti nzuri, rubi na kipande cha kioo chekundu vinaweza kukaa kwenye karatasi moja na kumchanganya hata mzoefu. Kwa spektra, vitu hivyo vitatu havifanani hata kwa mbali. Elimu hiyo si ngeni: Basil Anderson na mwenzake Payne, waliofanya kazi katika maabara ya vito ya London iliyoanzishwa mwaka 1925, ndio walioipanga vizuri, na walitumia spektroskopu ya kuingia mfukoni.

Mwalimu wa fizikia naye anakitaka chombo hicho hicho, kwa sababu zake. Kwa hiyo huu ni mwongozo wa kuchagua vipande, na nitaanza na kile ambacho wengi hukimaliza dakika za mwisho kwa haraka.

Mwanya

Mwanya ni ufa mwembamba wa kuingizia mwanga, na kila mstari unaouona ndani ya spektra ni picha ya mwanya wenyewe, uliochorwa kwa rangi moja. Mwanya ukiwa mnene, mistari yote inanenepa. Ukingo wake ukiwa na pengo, pengo hilo litajirudia kutoka zambarau hadi nyekundu. Hakuna gretingi, kile kipande chenye mistari kinachoupasua mwanga, ya bei yoyote itakayorekebisha kosa lililofanyika mlangoni.

Chukua hesabu hii. Karatasi ya kuchapia ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1. Mwanya wa upana huo, ukikaa sentimita 20 kutoka kwenye gretingi ya mistari 1,000 kwa milimita, unaupa kila mstari unene wa kama nusu nanomita. Mistari miwili ya zebaki imeachana kwa nanomita 2.1, basi inatengana bila shida. Panua mwanya ule ufike milimita 0.5, boksi ni lile lile, gretingi ni ile ile, na mistari miwili inagusana. Ndiyo maana nasema shilingi ya kwanza, na subira ya kwanza, viende kwenye mwanya.

Nyenzo bora inapatikana duka lolote la mtaani: wembe. Wa kunyolea wenye makali pande mbili ni mzuri. Upinde kwa urefu ungali ndani ya karatasi yake hadi uvunjike, upate makali mawili. Mimi napenda zaidi wembe wa kichongeo cha penseli, kwa kuwa ni mnene kidogo, haupindi, na una tundu la skrubu tayari. Kabla ya kuugundisha, ujaribu. Kutanisha makali mawili na uyaelekeze kwenye anga jeupe. Ncha zikigusana huku katikati pakipita mwanga, wembe mmoja umepinda, utupe. Kisha tazama makali kwa lupu: yawe kama mstari wa kalamu, yasiwe na meno. Makopo ya soda yaliyokatwa kwa mkasi, ambayo watu wengi huyakimbilia, hayajawahi kufaulu mtihani huo.

Ukigundisha, bana ukanda wa karatasi ya kuchapia kati ya makali, gundi ikauke, kisha uuvute utoke taratibu. Supagluu itumie kwa uangalifu: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye chuma na kioo kilicho karibu, hivyo acha mwanya ukauke mahali pa wazi siku nzima kabla ya kuufungia ndani.

Pwani ina adui wake. Wembe wa chuma cha kawaida, katika hewa ya Raskazone au ya Pangani, hushika kutu upesi, na kutu hukua palepale kwenye makali. Chagua ulioandikwa kuwa haushiki kutu, na ufunike kwa kioo chembamba upande wa nje. Vumbi likishaingia kwenye mwanya utaliona: linachora mistari myeusi inayolala kwa urefu wa upinde, kutoka rangi hadi rangi. Mistari ya kweli ya jiwe au ya jua inaukata upinde kwa upana, sambamba na mwanya. Anayechanganya hiyo miwili ataandika daftari zima la ugunduzi wa vumbi.

Gretingi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo maneno ya wauzaji huwa mengi. Gretingi ni kipande cha kioo, plastiki au utando chenye mistari myembamba iliyopangwa kwa umbali sawa, ambayo huupasua mwanga kwa rangi. Wanaokitaka rahisi hutumia CD au DVD, na si jambo la kudharau. Njia za CD zimeachana kwa mikromita 1.6, sawa na mistari 625 kwa milimita. Za DVD mikromita 0.74, yaani kama 1,350. Public Lab ya Marekani iliwafundisha watu wengi kujenga spektromita ya karatasi kwa kipande cha DVD, na inafanya kazi. Blu-ray iache. Njia zake zimeachana kwa mikromita 0.32, ambayo ni fupi kuliko wimbi la mwanga wowote tunaouona, na ukiipitishia mwanga wima haikupi upinde kabisa.

Kama ni DVD, chagua ipi? Zile zilizochomwa mtaani, za filamu zilizotafsiriwa, zilizojaa kwenye mabanda ya video kabla ya simu kuyafunga, ni bora kuliko ya kiwandani. Ya kiwandani ina vishimo vilivyokatikakatika; ya kuchomea ina mfereji usiokatika. Ipasue kwa kisu kuanzia pembeni, maana ni sahani mbili zilizobandikwa. Utakuta upande mmoja una rangi ya zambarau. Rangi hiyo hula mwanga, kwa hiyo isafishe kwa spiriti hadi plastiki ibaki nyeupe, bila kuisugua. Kisha kata kipande kidogo kutoka ukingo wa nje, kamwe usikate karibu na tundu. Mistari ya DVD ni ya duara, na duara la nje lina mkunjo mdogo. Kipande cha ndani kitakupindia mistari yote kama mwezi mchanga.

Udhaifu wa DVD ni kwamba inatawanya mno. Nyekundu ya nanomita 700 hutoka kwa nyuzi 71, pembeni kabisa, ambako boksi halina nafasi na lenzi ya simu haifiki. Gretingi ya mistari 1,000 huitoa hiyo hiyo kwa nyuzi 44, na zambarau ya 400 kwa nyuzi 24. Ya mistari 500 huziweka kati ya nyuzi 11 na 21. Kwa chombo cha mkononi cha kutazamia vito kwa jicho, uamuzi wangu ni wa mistari 500: upinde unaingia wote kwenye jicho kwa pamoja, unang'aa zaidi, na kama mwanya ni mzuri mistari ya zebaki bado inatengana. Kwa simu au kamera iliyofungwa, chukua 1,000.

Utando wa gretingi unaouzwa kwa ajili ya shule huwa umewekwa kwenye fremu ndogo ya karatasi ngumu. Upokee ukiwa na maswali. Shika utando karibu na jicho, tazama balbu moja iliyo mbali. Ukiona upinde kulia na kushoto tu, ni sawa. Ukiona pande nne, au nyota nzima ya rangi, huo ni wa miwani ya sherehe za watoto: umechorwa mistari ya kukatizana na nusu ya mwanga wako inapotea. Halafu linganisha upinde wa kulia na wa kushoto. Ukiwa mmoja unang'aa kuliko mwenzake, usilalamike. Mistari imechongwa kwa mwelekeo, na upande ule mkali ndio utakaoutumia. Sogeza utando polepole mbele ya jicho. Mstari ukicheza kama unatazamwa ndani ya maji, utando una mawimbi. Unaweza kuuokoa kwa kuubana kati ya vipande viwili vya kioo safi.

Usiufute. Alama ya kidole kwenye gretingi haitoki bila kuondoka na mistari. Mpulizo wa hewa, basi. Muuzaji anayekufutia gretingi kwa shati ili ipendeze, mrudishie, aiuze kwa mwingine.

Mche wa kioo unao wapenzi wake. Unapitisha mwanga mwingi, jambo la maana kwa mawe meusi, kwa sababu haugawi mwanga katika pinde kadhaa kama gretingi. Lakini unabana nyekundu na kutanua zambarau, na mistari mingi ya vito inayotafutwa iko kwenye nyekundu. Spektroskopu za madukani za wapima vito zipo za aina zote mbili, na kila upande una wabishi wake. Kwa anayejenga nyumbani, gretingi inamrahisishia kupanga namba, kwa kuwa nafasi zake zinakaribia kulingana.

Lenzi na vioo

Chombo chenye bomba refu hakihitaji lenzi: jicho lenyewe linatosha, ilimradi liweze kuona vizuri kwa sentimita 20. Wazee wenzangu wavae miwani ya kusomea. Lenzi inaingia pale unapotaka chombo kifupi, au unapofunga kamera.

Lenzi za bure ziko kwenye darubini mbovu, mashine za fotokopi zilizotupwa nyuma ya maduka ya steshenari, na kamera za zamani. Ile ya mbele ya darubini ndiyo ya kuwania, maana mara nyingi ni ya vioo viwili vilivyobandikwa, vinavyorekebisha kosa la lenzi moja kuikusanya bluu karibu na nyekundu mbali. Utaitambuaje? Iweke chini ya taa na uhesabu taa ndogo zinazoakisiwa ndani yake. Lenzi moja inaonyesha mbili. Lenzi pacha inaonyesha tatu, na ya katikati ni hafifu. Rangi ya maakisi hayo ikiwa ya zambarau au kijani, lenzi imepakwa utando wa kupunguza mng'ao. Ikiwa nyeupe tupu, haikupakwa.

Kisha imulike kwa tochi kutoka nyuma, ndani ya chumba chenye giza. Pwani hii, msimu wa masika, kuvu humea hata ndani ya vioo vilivyofungwa, na huonekana kama nyuzi zilizotawanyika kutoka nukta moja. Ikatae. Mkwaruzo mmoja mrefu, ambao ndio humtisha mnunuzi, una madhara madogo sana. Ukungu mwepesi ulioenea kote, ambao hauonekani mchana, ndio unaoua weusi wa mistari. Na ukiona rangi rangi kama za mafuta kwenye ukingo wa lenzi pacha, gundi yake imeanza kuachia.

Kioo cha kuakisi kiwe kimepakwa mbele. Gusa uso wake taratibu kwa ncha ya kalamu, pembeni kabisa: ncha ikikutana na kivuli chake bila nafasi, umepata. Ikibaki nafasi, ni kioo cha kuchania nywele na kitakupa kila mstari mara mbili. Vile vya mbele hutoka kwenye skana na fotokopi. Havidumu karibu na bahari. Alumini yake huliwa na chumvi kwa madoadoa. Kama unaweza kupanga chombo chako bila kioo, fanya hivyo.

Weusi wa ndani

Rangi nyeusi ya dukani, ile inayong'aa, haina maana hapa. Ukiiangalia kwa kuilaza inaakisi karibu kama kioo, na ndani ya bomba mwanga husafiri kwa kulala. Manila nyeusi ni bora. Masizi ya kibatari ni bora zaidi, na hakuna rangi ya dukani niliyoiona yenye weusi kama huo. Pitisha kipande cha bati juu ya mwali mwekundu wenye moshi, mpaka weusi uwe kama mahameli, kisha usikiguse tena. Kwa chombo cha kubebwa kwenye daladala masizi hudondoka, kwa hiyo hapo tumia manila, ukiongeza kuta mbili tatu zenye tundu katikati ili kukata mwanga unaoteleza ukutani.

Kupima ni rahisi. Elekeza chombo kwenye anga la mchana, ziba mwanya kwa kidole. Ndani pawe giza kabisa. Ukiona wekundu kidogo, kuna mshono unavuja, au plastiki ya bomba ni nyembamba.

Anga hilo hilo ndilo kipimo cha bure. Usiuelekeze mwanya kwenye jua lenyewe. Anga au karatasi nyeupe iliyoanikwa juani inatosha. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer alihesabu mamia ya mistari ya giza katika mwanga wa jua, na michache yake utaiona kwa chombo cha wembe na boksi: wa haidrojeni kwenye nyekundu, 656.3, wa sodiamu, 589, ya magnesiamu kwenye kijani, karibu na 517, na wa haidrojeni tena, 486.1. Weusi wake ndio wa kutazamwa. Mistari ikiwapo lakini ya kijivu, mwanya wako ni mzuri na boksi lako ni baya.

Kamera

Fundi simu ana sanduku la simu zilizopasuka kioo ambazo kamera zake ni nzima. Usichague kwa megapikseli. Chagua inayokuruhusu kufunga mwanga na kufunga fokasi kwa mkono, kwani simu inayojirekebisha yenyewe itakupa majibu mapya kila dakika. Nyingi za kisasa pia zinapaka picha urembo, zinalainisha na kunoa, na urembo huo huzua vijistari ambavyo havipo.

Kwa kazi ya vito kuna jaribio moja ambalo silikosi. Chukua rimoti ya televisheni, elekeza taa yake kwenye kamera, bonyeza. Jicho halioni kitu. Kamera nyingi za nyuma nazo hazioni, kwa kuwa zina kichujio kinachokata mwanga mwekundu wa mwisho na kuendelea. Ile inayoionyesha taa kwa weupe wa zambarau ina kichujio dhaifu, mara nyingi ni ya mbele, au ni webukamu ya bei rahisi, na ndiyo unayoitaka: mistari ya kromiamu ya rubi iko karibu na 694, ukingoni kabisa mwa kile kamera ya kawaida inachokubali.

Kupanga namba tumia mistari ya zebaki, 435.8 na 546.1; programu ya bure ya Theremino inafanya hivyo kwa kompyuta ya kawaida. Wanaojua kulehemu vipuri vidogo hupenda sensa ya mstari mmoja ya Toshiba, TCD1304, yenye pikseli 3,648. Ni nzuri mno, na kwa mtu ambaye mwanya wake una milimita 0.5 ni anasa tupu.

Taa, na mawe ya Umba

Nimeacha taa mwisho kwa sababu ndipo kazi ya vito inapoharibika hata kwa chombo kizuri. Tochi ya LED, ambayo kila broka anayo, ina kilele cha bluu karibu na 450, kisha bonde karibu na 480, kisha mlima mpana wa manjano, na nyekundu ya mwisho ni haba. Sasa fikiria safaya ya Umba. Ina chuma kingi, na chuma hukata mkanda wa giza karibu na 450, wenye majirani 460 na 470 ambao huungana nao jiwe likiwa limekolea. Mkanda huo unaanguka palepale penye kilele na bonde la LED. Utaona weusi ambao ni wa tochi ukadhani ni wa jiwe, au utaukosa ule wa jiwe.

Tumia balbu ya waya, ya halojeni: ya taa ya mbele ya pikipiki, volti 12, inafaa kabisa na inauzwa kila penye mafundi wa bodaboda. Mwanga wake unapanda bila mabonde kutoka bluu hadi nyekundu. Una moto, kwa hiyo usiliache jiwe mbele yake. Likipata joto mistari yake hulegea. Jiwe likae juu ya kitundu cha karatasi nyeusi, ili mwanga wote unaofika kwenye mwanya uwe umepita ndani yake.

Garneti zinazobadilika rangi zinakufundisha taa kuliko kitabu. Zinapitisha nyekundu na bluu-kijani kwa karibu sawa, zikizuia manjano katikati. Mwanga wa mchana ukiegemea bluu, jiwe linaegemea huko, na balbu ya waya ikiwaka linageuka kuwa na wekundu. Anayelinunua chini ya LED pekee hajui alichonunua.

Rodolaiti ndiyo jiwe la kuanzia. Mikanda yake mitatu, karibu na 505, 527 na 576, ni minene na haijifichi. Kioo chekundu hakina mpangilio huo, wala rubi. Rubi inakupa mistari ya mwisho wa nyekundu, na mara nyingi ule wa 694 unang'aa badala ya kuwa mweusi. Kioo cha bluu cha kobalti kina mikanda mitatu mipana kati ya kijani na nyekundu, ambayo safaya halisi haina.

Baada ya hapo, tahadhari. Safaya ya bluu ya kutengenezwa kwa njia ya Verneuil, iliyotangazwa mwaka 1902, kwa kawaida haina mkanda wa 450, na kwa jiwe linalodaiwa kuwa la Umba huo ni ushahidi mzito. Lakini safaya halisi za Sri Lanka zina chuma kidogo, na mkanda wake unaweza usionekane kabisa. Rubi nayo, ya ardhini na ya kiwandani, zina kromiamu ile ile na mistari ile ile. Hapo chombo chako hakisemi lolote kuhusu asili, na anayekwambia kinasema anakuuzia kitu. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019 yamerahisisha kuuza na kununua kwa uwazi, ila mizani ya sokoni haipimi spektra. Jiwe la fedha kubwa lipeleke Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha, ukiwa na namba zako mkononi, na uombe jibu kwa maandishi.